Nafasi ya Pili

Jumapili gereji ya Mabatini haitengenezi kitu.
Spana zimelala kwenye karai la dizeli,
runinga imefungwa kwa mpira wa baiskeli juu ya kabati,
nasi, watu kumi na mmoja, tumekalia matairi.

Huko kwa watu wanakimbiza pikipiki barabarani,
katikati ya kuta za mawe na madirisha ya wenyewe.
Sita wamegandana kama dagaa wa wavu mmoja.
Ukimtaja wa kwanza, hujafunga mdomo
ameshakuwa wa nne.

"Nazo hizi mbio?" Shigela anasonya.
"Pikipiki inafikiri, mtu kabebwa kama gunia la mpunga.
Ikiteleza, inajirudi yenyewe.
Enzi zetu ukiikosea kona ya Butimba
ulikwenda kuokotwa kwenye mihogo ya watu."

Bukindo, fundi nyaya, ndevu bado zinamtafuta:
"Enzi zenu mlikuwa wangapi?"
"Tulikuwa wanaume."
"Nimeuliza wangapi. Sikuuliza mlikuwa nini."

Hata Nyanjige, aliyekuja kudai hela ya vitumbua,
anacheka, anasahau deni.

Basi Shigela anasimama.
Anatupa mwaka ule wa Lugembe na Kalsi,
Mkuyuni hadi Nyegezi na kurudi, mara nane,
siku ya pili ya Krismasi,
visubi wanapanda kutoka ziwani kama moshi wa tanuri,
wanaingia puani, machoni, kwenye kabureta,
na anayecheka anameza.
Bega kwa bega, anasema. Goti kwa goti.
Kabureta zinakohoa, watu wamepanda juu ya mawe,
na kwenye mstari wa chokaa walipishana ukucha.
Anauonyesha ukucha wenyewe,
mweusi, umejaa grisi ya miaka arobaini.

Nimenyamaza.
Saa siku ile niliishika mimi,
binti wa miaka kumi na minne,
saa ya baba inanipwaya mkononi kama bangili ya mtu mwingine.
Daftari ninalo. Limo humu mkobani,
chini ya kitenge na dawa za presha.
Mwandiko wangu wa shule unasema:

Lugembe, dakika hamsini na mbili.
Kalsi, mnyororo, raundi ya tatu.
Bugumba, mafuta.
Yule wa Magu, ng'ombe.
Nafasi ya pili: hakuna.

Ndivyo ilivyokuwa.
Lugembe alifika peke yake, hakuna wa kumpigia makofi,
watu wote wamekwenda kumtazama ng'ombe.
Akanywa maji. Akaangalia nyuma.
Barabara tupu, mbwa mmoja, vumbi linashuka.
Akaiegemeza pikipiki yake kwenye jiwe,
akarudi kwa miguu.

Walikuja jioni, wawili, wanasukuma pikipiki moja,
Kalsi kilemba kimefunguka shingoni,
Lugembe kiatu kimoja hana,
bega kwa bega,
goti kwa goti,
na kama walipishana pale kwenye chokaa
sijui, labda ukucha.
Hilo sikuliandika.
Saa nilikuwa nimeshaizima.

Imebaki raundi moja, umeme unakatika.
Watu wanapiga kelele, mtu anapiga teke karai,
Shigela anasema ndiyo hayo, pikipiki zinafikiri, umeme haufikiri.

Katika giza Bukindo ananigeukia:
"Mama Ng'walu, wewe ulikuwepo.
Ukweli. Ukucha?"

Nasikia Shigela ameacha kupumua.
Nabana mkoba kwapani.

"Ukucha," nasema. "Tena wa mtoto mchanga."

Kimya kidogo. Nyanjige anakumbuka deni lake.
Na Bukindo, ambaye hakuona raundi ya mwisho,
kama ambavyo sote hatukuiona,
keshaanza kumwapia jirani yake kwa jina la mama yake
kwamba yule wa kijani aliwapita wote watano
kwenye kona moja.